Safari ya mashua katika mto Kinabatangan: namna ya kuwaona wanyama wa msitu wa Borneo

Kaa mashuani saa mbili tu kwenye mto Kinabatangan, jimbo la Sabah, Malaysia, katika kisiwa cha Borneo, na unaweza kurudi umewaona kima wa pua ndefu, hondohondo, mamba, kenge, na ukijaliwa orangutani, jamaa wa sokwe mwenye nywele nyekundu, au kundi zima la tembo, bila kukanyaga nchi kavu. Misitu mingi ya mvua haikupi hivyo. Humo mtu hutembea kutwa nzima akaambulia sauti juu ya kichwa na migongo inayokimbia.

Neema hii ina chanzo kichungu. Mto una urefu wa kilomita 560, na katika sehemu yake ya chini msitu uliobaki ni utepe tu wa kando ya maji. Nyuma ya utepe huo ni michikichi, shamba baada ya shamba. Wanyama wamebanwa hadi ukingoni, ndiyo maana wanaonekana kirahisi. Mwaka 2005 serikali ya Sabah ilitangaza hifadhi ya wanyamapori hapa, hekta zipatazo 26,000, lakini imekatika vipande 10, na kati ya kipande na kipande kuna vijiji, barabara na mashamba. Msomaji wa Kigoma ataguswa zaidi, maana mchikichi ni mti wa Afrika. Hata mdudu anayechavusha maua yake aliletwa Malaysia kutoka Cameroon mwaka 1981, na mafuta yake yanarudi katika majiko yetu ya Mombasa na Dar es Salaam.

Nimeanza na hili kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote: umbali wa kukaa na mnyama, mashua ya kupanda, na mtu wa kumpa fedha zako. Mnyama aliyebanwa hana pa kurudi nyuma. Wewe unapo.

Hatua ya 1: Chagua miezi na kijiji

Mvua hupungua kati ya Aprili na Oktoba. Kupungua si kukauka. Hata Julai utalowa. Kuanzia Novemba hadi Februari mto huweza kufurika, njia za miguu zikazama na mashua zisitoke. Julai na Agosti wageni wa Ulaya wako likizo na mashua hujaa. Kwangu mimi miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba.

Panga usiku mbili angalau. Wanaolala usiku mmoja hupata safari mbili za mtoni, na mvua ikiharibu moja, imebaki moja. Kama tembo ndio waliokuvuta, lala usiku tatu.

Kijiji cha Sukau ndicho chenye nyumba nyingi za wageni, na kiko karibu na kijito cha Menanggul, chembamba kiasi kwamba matawi ya pande mbili yanakaribia kugusana. Bilit, juu kidogo ya mto, kuna utulivu zaidi. Abai, chini kuelekea bahari ya Sulu, msitu unaanza kuchanganyika na mikoko. Batu Puteh, mahali barabara kuu inapovuka mto, wanakijiji wenyewe wana ushirika uitwao KOPEL: unalala katika nyumba ya familia, unakula wanachokula, na fedha inabaki kijijini. Mtu akiniuliza, namwelekeza Batu Puteh au nyumba ya familia pale Sukau kabla ya hoteli yoyote.

Wenyeji wanaitwa Orang Sungai, yaani watu wa mto. Wengi wao ni Waislamu, kwa hiyo chakula cha halali si swali, na adhana ya alfajiri itakuamsha kabla ya saa ya simu. Lugha nayo haitakuwa ngeni kabisa. Wakikuuliza "Apa khabar?" wanakuuliza habari, na neno ni lile lile tulilolitoa sote kwa Waarabu. Waktu ni wakati, sabun ni sabuni, kertas ni karatasi, dunia ni dunia. Ukijua kwamba orang ni mtu na hutan ni msitu, umeshajua maana ya orangutani.

Hatua ya 2: Vyeti na afya

Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Malaysia inakidai kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na nchi kadhaa za ukanda wetu zimo. Chanjo inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, na tangu 2016 cheti hakiishi muda maisha yote. Usikifungie kwenye begi la mizigo, kitaulizwa uwanjani.

Malaria nataka uielewe vizuri, kwa sababu sisi tuliokulia nayo huidharau. Inayosumbua Sabah kwa sasa si ile tunayoijua. Inaletwa na kimelea kiitwacho Plasmodium knowlesi, ambacho makao yake ni tumbili, na mbu wanaoisambaza huuma nje, jioni na usiku, saa zile zile utakazokuwa mtoni. Chandarua peke yake hakikusaidii ukiwa mashuani. Vaa mikono mirefu, jipake dawa ya mbu, na zungumza na daktari kabla ya kuondoka kuhusu dawa za kinga. Ukirudi nyumbani na homa ikakupanda, mwambie daktari kwamba ulikuwa Sabah na uombe damu iangaliwe kwa hadubini, maana kipimo cha haraka kinaweza kukikosa kimelea hiki.

Kabla ya kulipia, soma pia tahadhari za usalama za siku hizo kuhusu pwani ya mashariki ya Sabah, hasa visiwa vyake.

Hatua ya 3: Fika Sandakan, pitia Sepilok

Njia rahisi ni kupitia Kuala Lumpur, kisha ndege ya karibu saa tatu hadi mji wa Sandakan, ulio karibu na mto. Sabah ina uhamiaji wake, kwa hiyo pasipoti itagongwa tena ingawa hujatoka Malaysia. Toa ringgit, fedha ya Malaysia, taslimu ukiwa Sandakan, usitegemee kuzipata kijijini. Saa zao ziko mbele ya Nairobi na Dodoma kwa saa tano, na wanaposema pukul enam, yaani saa sita kwa hesabu yao, ni saa 12 kwa hesabu yetu. Wapo waliochelewa mashua kwa kosa hilo dogo.

Usiruke moja kwa moja hadi mtoni. Kilomita kama 25 kutoka Sandakan kuna Sepilok, kituo kilichoanzishwa 1964 kwa ajili ya orangutani yatima. Hulishwa asubuhi na alasiri, na wageni hutazama wakiwa jukwaani. Sababu ya kupita hapo ni kulizoesha jicho: mkono unavyoning'inia, nywele nyekundu zinavyokuwa nyeusi mwanga ukiwa nyuma yake, jinsi anavyojaribu tawi kabla ya kulikabidhi uzito. Mtoni utamwona kutoka chini, mbali, nusu yake imefichwa na majani. Aliyepita Sepilok anamtambua, mwenzake anaona kichuguu cha majani makavu.

Kutoka hapo ni gari, saa mbili na zaidi, hadi Sukau. Angalia dirishani. Utaona michikichi tu hadi macho yachoke, kisha ghafla mto.

Hatua ya 4: Mhoji mwongozaji kabla ya kulipa

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, kwa hiyo usione haya kuuliza.

Uliza mwongozaji ni mzaliwa wa wapi. Aliyekulia Sukau au Bilit anaijua mikuyu ipi imezaa wiki hii na bundi analala tawi gani. Uliza mashua inabeba watu wangapi. Zaidi ya kumi, tafuta nyingine. Uliza kama ina mota ndogo ya umeme pamoja na injini ya petroli. Zenye mota hiyo huzima petroli zikikaribia mnyama na kuteleza kimya, na tofauti utaiona usoni mwa kima: anaendelea kutafuna. Uliza kama kuna jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, na la mtoto kama una mtoto. Maji yale yana mamba.

Swali la mwisho ndilo lililo zito: mnakaa umbali gani? Akikujibu "tunaweza kusogea hadi uwaguse", mshukuru na uondoke. Mara yangu ya kwanza nilipanda mashua ya namna hiyo. Ilikuwa jioni, nahodha akaisukuma pua ya mashua hadi shinani mwa mti ambao kima walikuwa wameshajipanga kulala. Dume akakoroma, majike wenye watoto wakaanza kuruka kwenda mti wa nyuma, mmoja baada ya mwingine, na giza linaingia. Picha zilikuwa nzuri, na sikuzihifadhi hata moja. Ingenitosha kusema neno moja, perlahan, taratibu, na sikulisema.

Hatua ya 5: Funga begi

Darubini kwanza, kamera baadaye. Tafuta iliyoandikwa 8x42: 8 ni mara ngapi inavuta, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na upana huo ndio unaokupa mwanga wa alfajiri. Inayovuta mara 10 inasikika bora dukani, lakini mashuani mtikisiko nao unakuzwa mara 10.

Nguo za rangi ya majani au udongo, mikono mirefu, zinazokauka upesi. Koti la mvua jepesi, si mwavuli. Mfuko usiopitisha maji kwa simu na pasipoti. Tochi ya kichwani. Gambuti mara nyingi utaazimwa huko huko, ila mwenye mguu mkubwa abebe zake. Soksi za ruba, zile ndefu za kitambaa kizito zinazofungwa chini ya goti, nunua Sandakan. Ruba akikung'ang'ania mteleze kwa ukucha kuanzia kwenye mdomo wake. Usimchome kwa moto wala kummwagia chumvi, atatapika ndani ya kidonda.

Hatua ya 6: Zijue saa za mto

Kwa kawaida kuna safari mbili kwa siku: saa 12 asubuhi na saa 10 alasiri. Kati yake jua ni kali, wanyama wamelala kivulini, nawe ulale.

Ya jioni ni ya kima wa pua ndefu. Mnyama huyu hapatikani popote duniani isipokuwa Borneo, na ana desturi inayomfaa mtazamaji: kila jioni hurudi kulala kwenye miti ya ukingoni. Wamalay walimpa jina monyet Belanda, kima Mholanzi, kwa pua na kitambi chake. Kitambi hicho ni tumbo lenye vyumba, linalochachusha majani mabichi na matunda machanga. Tunda lililoiva lenye sukari humvimbisha, kwa hiyo usimrushie ndizi kamwe. Vidole vyake vina ngozi kati yake kama vya bata, naye huogelea. Akitaka kuvuka kijito huchagua mahali pembamba, hujirusha kutoka juu akatua majini kwa kishindo, na humaliza mita chache zilizobaki kwa kasi, kwa kuwa anamjua mamba kuliko unavyomjua wewe.

Ya asubuhi ni ya sauti. Ukungu umelala juu ya maji, huoni kitu. Mwombe nahodha azime kila injini kwa dakika kumi. Giboni, jamaa mdogo wa sokwe mwenye mikono mirefu, huanza kuimba, sauti inayopanda hadi unafikiri imekatika, kisha inapanda tena. Ukisikia juu yako mvumo wa pumzi nzito, fuu, fuu, fuu, ni mabawa ya hondohondo. Borneo ina aina nane za ndege hawa na zote nane zimeonekana Kinabatangan. Wa kuombea umwone ni yule mwenye kofia ngumu kichwani, anayewindwa kwa ajili ya kofia hiyo hiyo hadi sasa yuko ukingoni mwa kutoweka.

Hatua ya 7: Soma miti

Usitafute mnyama. Tafuta kitu kisicho cha kawaida katika miti: tawi linalotikisika wakati mengine yametulia, maganda yanayodondoka majini, kamba nyeupe zinazoning'inia zikiwa zimenyooka. Hizo kamba ni mikia ya kima wa pua ndefu.

Viota vya orangutani vinatafutwa kwenye panda za miti mirefu. Hujenga kipya karibu kila usiku, kwa hiyo majani ya kahawia ni ya zamani, na majani mabichi yana maana kwamba mwenyewe hayuko mbali. Mkuyu uliozaa ni bora kuliko kiota: ukiupata, kaa hapo saa nzima. Watakuja wao, na hondohondo, na makundi ya tumbili. Mto huu una aina kumi za jamii ya nyani, tumbili na komba, na wengi wao wanaipenda meza hiyo.

Tazama pia kamba na nyavu zilizofungwa juu ya vijito. Ni madaraja. Orangutani haogelei, na miti mikubwa iliyokuwa ikimvusha imekatwa. Shirika la HUTAN, lililoanza kazi Sukau mwaka 1998 pamoja na wanakijiji, lilitundika kamba hizo ili apite.

Chini, ukingoni, soma matope. Mstari mpana uliolainishwa ni mteremko wa mamba. Gogo lenye macho mawili si gogo. Mbizi huanika mabawa kwenye matawi makavu, na mdiria mwenye mdomo mkubwa mwekundu hukaa chini sana, karibu aguse maji, akiacha mashua ipite bila kujali.

Mwombe nahodha akupeleke kwenye ziwa moja la yale yaliyoachwa pale mto ulipokata kona na kujinyooshea njia. Ni maji yasiyotembea, yenye fisi maji na korongo. Ziwa Tungog, karibu na Batu Puteh, limesumbuliwa na gugu la salvinia, lile lile lililowahi kulifunika ziwa Naivasha, na wanaushirika huling'oa kwa mikono.

Hatua ya 8: Usiku, na msituni kwa miguu

Safari ya usiku huanza kama saa 2. Bundi mvuvi hukaa wazi kwenye mti wa chini, mdiria hulala kama kifundo cha pamba yenye rangi, chatu huweza kuwa amejizungusha juu ya maji. Sharti ni moja: tochi iwe mkononi mwa mwongozaji peke yake, na isimkae mnyama machoni zaidi ya sekunde chache. Mweko wa kamera uzimwe tangu nchi kavu.

Kwa miguu utaona vidogo: vyura, uyoga, buibui, nyayo za ngawa. Wengine huona ni matope mengi kwa malipo machache. Mimi naipenda, lakini kama una siku mbili tu, ibadilishe na safari ya tatu ya mtoni.

Hatua ya 9: Wakitokea tembo

Tembo wa Borneo ni wadogo kwa umbo kuliko wenzao wa Asia, na mbali mno na wale wa Tarangire au Tsavo. Wamebaki kama 1,000 tu. Hufuata ukingo wakila nyasi, na wakikuta shamba limeziba njia huogelea kwenda ng'ambo.

Habari zao huenda kwa simu. Mwongozaji akipokea simu na kugeuza mashua bila kueleza, shikilia kofia. Utakapofika utakuta mashua nyingine, na hapa ndipo umbali nilioutaja mwanzo una maana kuliko popote. Kaeni upande mmoja wa mto. Msiwawekee ukuta kati yao na maji, na msikae mbele ya kundi linaloingia kuogelea, kwa kuwa mtoto akipotezana na mama katikati ya mkondo, mkondo haumsubiri. Masikio yakifunguka na mkonga ukiinuka, rudini nyuma bila kupiga kelele. Kwetu tunajua tembo aliyeudhika akoje, na udogo wa mwili haukuondoa hasira.

Kama hawakutokea, hawakutokea. Mwongozaji mwaminifu hakuahidi.

Hatua ya 10: Siku ya kuondoka

Njiani kutoka Sukau kuna mapango ya Gomantong, ambako watu hupanda ngazi ndefu za rotani kuvuna viota vya ndege vinavyoliwa kama supu. Sakafu imejaa samadi ya popo na mende wasiohesabika. Funika kichwa, usishike vyuma vya kando ya njia, na uwe na viatu vya kubadilisha garini.

Kabla ya hapo, tenga asubuhi moja ya kupanda miti. KOPEL huwapeleka wageni kwenye vipande vilivyo wazi kati ya msitu na msitu. Utapewa jembe, mche na shimo lililochimbwa nusu. Kupanda ni kazi ya dakika tano. Kazi yenyewe iko baadaye: nyasi hufunika mche, mitambaa huuzonga, tembo huukanyaga akipita. Kwa hiyo popote utakapoalikwa kupanda, kabla ya kupiga picha muulize anayekukabidhi mche nani ataupalilia mwaka huu na mwaka ujao, na kama fedha uliyotoa ina sehemu ya mshahara wa mtu huyo.